Kompyuta ya Mjomba Haitoki

Zuhura mjukuu wangu,

Huku Nyakabanda tuko salama, bibi yako anakusalimu. Unasema kompyuta yako haioni diski na watu wanataka uitupe. Usikubali!

Zamani, wakati wa usafi wa Idi, mjomba wangu alifuta vumbi nyumba yote, mpaka ndani ya kompyuta yake. Kuiwasha, haioni disketi, zile diski za zamani, na taa ya kisomeo chake inawaka tu bila kuzimika.

"Imekufa," mjomba akasema. "Naiuza kule Muhima, kama chuma chakavu."

Mimi nilikuwa mwoga wa watu, shule kidogo, na ile ndiyo nilijifunzia kuandika.

"Haitoki," nikasema.

"We bubu, leo unaongea?"

Wakati wa kufuta nilimwona akichomoa waya bapa wa kisomeo cha disketi. Nikaifungua kompyuta: alikuwa ameurudisha kinyume. Nikaugeuza, taa ikazimika, disketi ikasoma.

"Alhamdulillah!" mjomba akasema. "Sasa itapata bei."

Nikaikalia juu, asiiuze.

Babu yako