Mkono wa Kushoto Hausindikizi Tena

Karakana ya useremala,
Chumba cha nyuma.
Tarehe 9 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani kwako, na kwamba kile kikohozi kimekuachia. Sisi hatujambo. Paka amezaa ndani ya sanduku la misumari, kwa hiyo wiki hii tunatumia gundi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ulimi hunikauka. Ulisema mwisho wa mwezi utatuma gari lichukue meza ya kazi na randa za Mama, viuzwe, kisha ahamie kwako apumzike. Nilinyamaza. Naomba radhi, Mjomba, kunyamaza kwangu hakukuwa kukubali.

Ni kweli Mama alipofunguliwa plasta baada ya kuvunjika, mkono wa kushoto ulikuwa umekonda kama mpini wa ufagio. Naye ni mashoto. Huo ndio unaosukuma randa. Ulisema mtu akishafika makamo msuli haurudi. Nimesoma kitabu cha biolojia chote, hakisemi hivyo. Msuli wa nyuma ya mkono, ule unaonyoosha kiwiko, hujengeka hata kwa mtu wa umri wake, mradi upewe kazi na muda.

Mwanzoni tulikosea. Alinyanyua chupa ya mchanga juu ya kichwa kwa mikono miwili, ikapanda vizuri, tukafurahi. Randa ikaendelea kukwama. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitalini alipomtazama alituambia kwamba wa kulia unabeba, wa kushoto unasindikiza tu.

Tangu hapo ni mkono mmoja mmoja, dhaifu kwanza, na chupa ndogo zaidi. Anakaa kwenye stuli, anaishusha nyuma ya kichwa, anaipandisha polepole mpaka kiwiko kinyooke. Ukiuma, anaweka chini. Kesho yake anaupumzisha.

Jirani yetu mchomelea vyuma alichungulia, akamuuliza kama anajiandaa kupigana ngumi. Mama hakugeuka.

"Ndiyo, jirani. Na nitaanzia karibu."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Mjomba, sembuse mkono ambao umeshaunga. Najua unampenda dada yako. Lakini apumzike kwa lipi? Hajachoka.

Jana alibana ubao wa mlango mezani, akasukuma randa kwa mkono wa kushoto kutoka ncha hadi ncha. Haikukwama. Utepe wa maranda uliotoka nimeuviringisha nikautia kwenye bahasha hii. Ukunjue taratibu, haujakatika popote.

Gari usilitume. Kama umeshalikodi, lije na mbao.

Nisalimie mkaza mjomba, na binamu yangu kitindamimba, mwambie nitamwekea paka mmoja. Mungu awape afya, na akuondolee hasira kabla hujafika mstari huu.

Mpwa wako akupendaye, ingawa leo anakupinga,
Yule unayemwita Bubu wa Vitabu