Kiti Niliyomutengenezea Paulo

Alhamisi. Mvua tangu asubuhi. Ukungu umefunika vilima yote, hata ng'ombe hazionekani.

Niko na miaka makumi saba na kitu. Nilizika wanawake wangu wawili, vita mbili ya Wazungu zilinipita, na mafundi wote tuliojifunza mbao pamoja wako mu udongo. Mu Masisi hii hakuna mwingine mwenye kutengeneza kiti yenye hailii ukiikalia. Hakuna. Ninaandika mwenyewe, herufi moja moja, kwa sababu roho inaniuma.

Jana walimuleta Paulo, mudogo wangu, karani wa biro ya Walikale. Siku tano mu kipoyi, watu wanne wakimubeba. Mugongo imekataa. Hawezi kukaa, hawezi kunyooka. Ku biro wamekwisha kuweka karani mwingine.

Nilisema ni baridi ya pori. Nikasema tena, kwa nguvu: ni pori!

Bibi yake, Mama Felisita, akauliza: "Shemeji, magoti ya Paulo uliyapima siku gani?"

Sikuyapima.

Ukweli njo huu. Paulo alipopata ile kazi, mimi nilikuwa ninatengeneza dirisha ya Bwana mukubwa, Mzungu wa serikali hapa Masisi. Nikapima kiti ya huyo Bwana na kamba, nitengenezee Paulo yenye kufanana. Yule Mzungu alikuwa murefu kama muti. Nikaongeza vidole viwili, kwa sababu kwetu mukubwa anakaa juu, na sikutaka muntu aseme mudogo wangu anakaa chini ya Mzungu. Meza vilevile nikaipandisha.

Paulo ni mufupi. Miguu ilikuwa inaning'inia kama ya mutoto mu kanisa, mabega yamepanda ku masikio, naye anapiga mashine ya kuandika toka asubuhi mpaka mangaribi. Miaka kumi na moja.

Mama Felisita alimutafutia sanduku ya sabuni ya kukanyagia. Nimejua jana tu. Kila mara nilipokwenda kumuona ku biro, Paulo alisikia sauti yangu ingali ku barabara, maana sauti yangu ni kubwa, inajulikana, na akasukuma sanduku nyuma ya kabati. Hakutaka nipate haya. Mimi ninaingia, ninapiga ile kiti mukono mbele ya makarani wote: "Munaona kazi yangu!" Naye anajibu, "Ni kiti ya mwami, kiti ya mufalme, kaka."

Leo nilipiga magoti karibu na kitanda yake. Nikamwambia, "Paulo, nitakwenda kuikata ile kiti."

Akacheka kidogo, kicheko ikamuumiza. "Kata, kaka. Yule karani mupya naye ni mufupi."

Mvua ikikatika, ninashika njia na musumeno. Kwa miguu, na uzee huu. Nitamukalisha yule kijana, nitapima magoti, nitapima viwiko. Wakinicheka, wacheke.

Muntu asiyesadiki haya aulize Mama Felisita, yeye aliona yote. Lakini asiulize Paulo. Paulo atasema kiti ilikuwa muzuri.