Muhogo Wako Nimeung'oa, Mama

Mama,

Shikamoo. Nimeichelewesha barua hii kwa sababu sikujua nianzie wapi. Basi naanza na hili: muhogo wako nimeung'oa. Wote, hata ule wa nyuma ya jiko.

Hatukuwa tumemaliza mwezi tangu tukuzike, bibi shamba mpya akapita hapa Ulyankulu. Ni binti mdogo tu. Nilimpeleka shambani akachimba mashina matano. Juu yalikuwa yamestawi, ila majani ya chini yalikuwa na manjano kidogo, yale uliyosema ni uzee wa jani. Akapasua muhogo mmoja. Ndani ulikuwa na mabaka ya kahawia, makavu, hadi kwenye moyo.

"Ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia," akasema. "Inzi weupe wanaueneza, lakini wanaoufikisha mbali ni sisi, kwa mbegu. Pingili za hapa mmempa nani?"

Nilikaa chini, Mama. Ni nani hukumpa? Aliyekuja na jembe lake na aliyekuja mikono mitupu, wote uliwafungia mzigo wa pingili ukawatwisha wewe mwenyewe.

Ndipo nikakukumbuka jikoni mwaka uliotangulia, ukikata sehemu zilizoharibika na kuzitupa, ukikata tena, mpaka kinachobaki hakijazi sufuria. "Ardhi imechoka," ulisema. Ukanisogezea sahani, ukasema umeshiba. Nilikuamini. Nilikula, Mama. Hilo halinitoki.

Nilichoma mashina yote kwa siku mbili. Kisha nikaenda kuwaambia watu, maana kama shamba la jirani linaumwa, langu haliponi. Nilianza kwa rafiki yako Mama Eliza.

"Udongo wa kaburi la mama yako haujakauka," akaniambia, "nawe unapita ukisema alitugawia ugonjwa?"

"Hakujua, mama. Hata mimi sikujua."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Wengine walinisikiliza wakang'oa. Wengine walicheka. Kisimani nilisikia mwanamke akisema jina lako kama mtu anayetaja jina la homa. Na aliyelipeleka jina lako pale ni mimi.

Mwaka ule tulipanda karanga palipokuwa na muhogo, tukala mahindi ya kununua, nayo hayakutosha. Msimu huu nimepata pingili safi kwa mkulima ambaye shamba lake hukaguliwa. Kila Jumamosi napita mstari kwa mstari. Shina likionyesha manjano nalitoa siku hiyo hiyo, silionei huruma. Nimeshatoa kumi na moja. Kila nikivuta, mkono unasita.

Mama Eliza hakung'oa. Alisubiri mpaka wakati wa kuvuna, akachimba upande mmoja wa shamba, akapata vikapu viwili, na vyenyewe nusu vimeoza. Asubuhi moja nikamwona amesimama uani kwetu. Nilipomwamkia hakuitikia.

"Njoo unisaidie kung'oa," akasema. "Mgongo wangu hauwezi."

Tulivuta mashina kutwa nzima. Yale mashina, Mama, yalikuwa yametoka mkononi mwako, na mbegu ya mengine niliibeba mimi nikiwa mtoto. Tulipoyawasha moto alisimama karibu mno na moshi, nadhani ili nisimwone vizuri usoni.

Kisha akasema, "Mwaka ule wa njaa, mbegu ya mama yako ndiyo iliyotuvusha. Wanangu wako hai kwa sababu hiyo. Kwa kuwa unapita nyumba kwa nyumba, na hilo nalo uwaambie."

Nilisukuma shina la mwisho motoni. Jibu lake nakupa wewe. Bado nyumba tisa sijazifikia, na zile zilizonifungia mlango nitazirudia. Nitawaambia yote mawili, Mama, na sitaanza na ugonjwa.

Pumzika sasa.

Mwanao,
Tamari