Nimeigawa Kuvu ya Mti Wangu kwa Mdomo Wangu

Alhamisi, Namswea. Manyunyu tangu asubuhi, na moyo wangu haujatulia.

Sabina, mke wa mwanangu, najua unasoma haya ninayoandika. Siku nyingine usimwambie mtu mzima "weka saini tu, mama." Saini tu! Mbona wewe hukuweka yako?

Jana walikuja wageni wawili wa utafiti, kijana wa kiume na dada mwenye miwani. Shikamoo walitoa vizuri mno. Adabu nyingi namna ile hunitia wasiwasi. Walitaka majani ya mti wangu wa tumbo, ule ulio juu ya ngolo za mahindi, yale mashimo na matuta yetu ya mteremkoni, ambao majirani huja kuomba gome lake mtoto akiharisha.

"Tunatafuta ukungu, bibi," akasema kijana.

Nikamwonyesha milima. "Si ule pale? Chota ujaze gari."

Sabina akacheka mpaka akakaa chini. Kijana akasema si huo wa angani, ni kuvu, "wanaoishi" ndani ya jani. Kuvu anaitaja kama watu!

Hapo nilikasirika. Kuvu ni ya mahindi ya mvivu aliyeanika vibaya. Mti wangu ni msafi. Nikawaambia, "Kama imo, chukueni yote, msiniachie hata chembe!" Wakaleta karatasi, nikaandika jina langu kwa herufi kubwa, nikijiona nimewakomoa.

Majani wakayatia kwenye bahasha, bahasha kwenye boksi la barafu.

Nani huhifadhi uchafu kwa barafu?

Nikamuuliza yule dada. Akasema huenda dawa ya tumbo haitengenezwi na mti, ila na kuvu wenyewe, na hao ndio wanakwenda kuwachunguza.

Nikabaki nikilitazama boksi lile likipakiwa garini.

Leo kutwa najiuliza. Kama dawa ni ya kuvu, na kuvu nimeigawa yote mbele ya watu, siku wakija kuuzungushia mti uzio nitasema nini? Pengine ni watu wema. Pengine. Lakini karatasi sikuomba nisomewe, kwa sababu niliona aibu dada yule ajue niliishia darasa la tatu. Hilo nalikiri hapa, na mtu asinikumbushe.

Jumamosi wanarudi kuchukua gome.

Sabina, kesho asubuhi nenda ofisi ya mtendaji wa kijiji, nakala ya karatasi ile waliiacha pale. Uisome yote mbele yangu, neno kwa neno, na palipoandikwa kuvu paongezwe mti na jina la mwenye mti. Kabla ya hapo, akitokea wa kugusa gome, mfungulie mbwa kwanza, ndipo umwite mwenyekiti.