Shimo Langu la Maguu

Dada Rehema,

Shikamoo. Huku Maguu baridi inauma mpaka meno. Mdogo wako aliyeacha fizikia akajiita mtafiti wa udongo leo amejaribu ngoro, mashimo ya Wamatengo yanayozuia udongo usiporomoke mlimani. Nikachimba moja safi, nikalipima. Mama Desideria, mwenye shamba, akauliza, "Na nyasi ziko wapi?" Kumbe nyasi hulazwa kwanza, halafu udongo wa shimo huzifunika. Akataka kujua nimesoma miaka mingapi. Nikasema ishirini. Akamwita jirani aje kunitazama.

Kesho naanza kwa kukata nyasi. Tangu nihame fani, ndiyo mara ya kwanza najua pa kuanzia.

Nimekumiss wewe na chai yako. Baba usimwambie, bado anaamini nimekuja kuwafundisha wakulima.

Amani