Mume Wangu Anataka Kuwanywesha Wakwe Ulanzi kwa Ajili ya Bakteria

Mpendwa Bi Waridi, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaaibika, maana Jumamosi Mzee Ambokile, mzee wa kanisa na mlokole asiyegusa hata togwa iliyolala, anakuja na wenzake kutoka Mbeya kumposea mwanawe Lugano binti yetu Yusta, na mume wangu Ambrosi ameapa kuwapokea kwa ulanzi wa kugema kwenye mianzi, tena si ule mtamu wa asubuhi, ni mkangafu uliolala mpaka unatoa povu, na anasema si pombe, ni dawa ya tumbo.

Mambo yalianza alipomeza antibiotiki za kifua, kifua kikapona lakini akaanza kuhara, akarudi hospitali, daktari akasema dawa imeua na bakteria wazuri wa tumboni, anywe mtindi, una bakteria hai wanaoweza kusaidia. Mama mkwe akatuletea mtindi kwenye kibuyu, na mimi kwa usafi wangu nikawa nauchemsha kwanza, ukakatika mabonge, Ambrosi akanywa wiki nzima akasema hauna kazi, akaenda kilabuni, na wenzake wa kiwanda cha mbao kule Mafinga wakamwambia kilichochacha ni kilichochacha, basi ikawa ndiyo hiyo. Kiwandani yeye ni msimamizi, kwa hiyo bakteria anawaita vibarua. Nikimwambia anawe mikono akitoka chooni, anajibu, "Mama Yusta, unataka kunifukuzia vibarua?" Nikimpa chai ya moto, anasema nawaunguza. Tumbo linanguruma kama lori la magogo linapanda mlima Kitonga, naye analipigapiga, "Wako kazini hao." Juzi wakati wa sala ya chakula lilinguruma mpaka tukasema amina kabla ya wakati. Yusta analia, anasema posa ikivunjika hatatusamehe. Nimfungie baba yake chumbani, au nimwage dumu lake la ulanzi?

Mama Yusta, Kihesa, Iringa

Marahaba Mama Yusta, na pole sana. Nimecheka mpaka chai ikanipalia. Sasa nisikilize.

Ambrosi amekosea, lakini aliyemsukuma kilabuni ni wewe. Daktari kasema bakteria hai. Wewe ukawachemsha, ukamnywesha mumeo maiti wiki nzima, halafu unashangaa hawakufanya kazi! Maziwa mabichi ndiyo huchemshwa, yakapoa, ndipo yakagandishwa. Wewe umeanzia mwisho, mama. Huo si usafi, ni kiherehere.

Na huyo msimamizi mwambie hivi: tumboni mwake mna wenyeji wengi kuliko watu wa Tanzania nzima, na antibiotiki iliwapunguza. Wa kwenye mtindi ni vibarua wa msimu tu. Wanapita, kuna watu wanaowasaidia na wasiowasaidia, na mara nyingi hawahamii. Wenyeji hurudi polepole wenyewe, na wanapenda maharage, mboga za majani na matunda. Mkangafu nao una vijidudu hai, sikatai, lakini una pombe, na pombe hulichokoza tumbo linalohara. Daktari hakuuandika, waliouandika ni walevi. Wale wa chooni ni wezi, si vibarua, kwa hiyo anawe kwa sabuni. Kama bado anahara, au akiona damu, arudi hospitali leo, asisubiri posa ipite.

Usimfungie chumbani. Utawaambia nini wageni, baba wa binti yuko wapi? Wala usimwage dumu, utampa hoja ya kununa mwezi mzima. Kesho panda gari uende kwa mama mkwe, umwambie kwa mdomo wako kwamba mtindi wake ulikuwa unauchemsha. Atakusema. Mwache akuseme, umestahili, na wala usijitetee kwa neno usafi. Muulize kama maziwa huyachemsha kabla ya kuyagandisha. Kama hayachemshi, chemsheni pamoja, yapoe, mwachie kibuyu chake amalizie kazi.

Kisha mwombe aje Jumamosi awakirimu wageni mwenyewe kwa mtindi huo. Mzee Ambokile hana sababu ya kukataa maziwa, Yusta atapata posa yake, na kikombe cha kwanza bibi ampe Ambrosi mbele ya watu wote. Nionyeshe mwanamume wa Iringa atakayemwambia mama yake mzazi, mbele ya wakwe, kwamba yeye anangoja ulanzi.