Mia Tatu Themanini na Saba

Mpemba, Tunduma
4 Novemba

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini mvua za kwanza huko milimani hazijakurudishia kile kifua. Sisi huku tu wazima. Brayan anakohoa kidogo, si cha kutisha. Baba yake bado yuko upande wa Zambia na lori. Tangu simu zilizokatwa siku ya kura zirudi amenipigia mara moja, kusema anakula na analala.

Nakuandikia kwa sababu mimi na wewe hatuna njia nyingine. Nimeolewa nyumbani kwako miaka kumi na mmoja sasa na hatujawahi kukaa chumba kimoja, kama desturi yetu ya Kindali inavyotaka kwa mke wa mtoto na baba mkwe wake. Nikikuona njiani naingia shambani mpaka upite. Ukiwa na neno kwangu unampa wifi Lusungu anifikishie. Zaitun, anayeuza mchele jirani na stoo yangu, hunicheka, anasema mimi na mkwe wangu tunacheza kombolela. Namwambia ni heshima. Sijawahi kuilalamikia.

Sasa nikueleze. Unajua mimi niliandikishwa huko kijijini, kipindi kile nilipokuja kumuuguza Mama. Kwa hiyo nilifunga stoo, nikapanda gari la abiria la Rabson, nikalala kwa wifi, na asubuhi ya kura nikapanga foleni pale shuleni na wanawake wenzangu. Nilipofika mlangoni nikakuona umeketi kwenye benchi ndani, karibu na sanduku. Hakuna aliyenionya. Nilijua wakala wa chama ni Gwamaka. Baadaye ndiyo nikasikia alishikwa na tumbo na wewe ukakaa badala yake. Nikavuta kanga kichwani, nikageuka. Msimamizi wa kituo akaniita, mama, ingia, mbona unarudi? Wanawake wakamjibu kwa niaba yangu, huku wanacheka, kwamba mkwe wake yumo humo. Nikakaa nyuma ya darasa la tatu nikisubiri utoke, hata kwenda kujisaidia. Hukutoka. Hata chakula uliletewa ndani. Saa kumi wakafunga, nikarudi Mpemba na kidole kisichokuwa na wino.

Matokeo ya nchi niliyasikia redioni, nikiwa nashona magunia. Mgombea niliyemtaka nilijua hashindi. Mimi nauza nafaka, Baba, nalijua gunia lililopungua kabla halijagusa mizani. Hilo nilikwisha kulimeza. Kilichonikwama kooni ni kingine. Wifi Lusungu alipita shuleni akasoma karatasi iliyobandikwa mlangoni, akaninakilia. Waliojiandikisha kwenye kituo chetu ni 387. Waliopiga kura 387. Zilizoharibika, hakuna. Mshindi 379, wengine wote wamegawana nane.

Mimi sikupiga. Hiyo ya 387 ni ya nani? Na isiharibike hata moja, kwenye kijiji ambacho bibi yake Gwamaka huweka dole gumba katikati ya maandishi hata akipokea mbolea?

Sina nia ya kuipeleka popote. Matokeo ya urais hayaendi mahakamani, na mimi nina mizigo ya kupokea. Nilitaka kitu kidogo tu, niwe kwenye hesabu ya walioshindwa. Sasa hata humo sijui kama nimo. Wewe ndiye wakala, na sahihi yako iko chini ya karatasi ile. Niandikie mstari mmoja kwamba mkweo hakupiga kura. Nikiupata tutaendelea kama zamani. Nisipoupata, sijui nitarudi kwa uso gani kupika nyumbani kwako Krismasi.

Mkweo,
Mama Brayan


Ikinga, Ileje
13 Novemba

Mwanangu Mama Brayan,

Marahaba. Rabson amenifikishia barua, sukari na dawa ya kifua. Mungu akuongezee pale ulipopunguza. Mahindi ya juu tumeshapanda, ya bondeni bado. Yule ng'ombe mweusi amezaa jike. Lusungu anawasalimu wote.

Neno lako nimelisikia. Wewe ni mwanamke uliyejijenga mwenyewe. Ulianza na beseni la mihogo kwenye foleni ya malori na leo una stoo, hapa hakuna asiyejua. Lakini mambo ya serikali hayaendi kama stoo. Ndani ya chumba kile watu walikuwa wengi na makaratasi mengi, na ilipoingia jioni tulikuwa na taa moja ya betri. Watu wakichoka hukosea tarakimu. Nchi imeshapata rais. Huku kwetu kumetulia, wakati huko kwenu nasikia mlijifungia ndani kwa hofu ya ghasia. Tumshukuru Mungu kwa kidogo tulichonacho.

Sasa huo mstari. Unaniomba niandike kwamba nilikuona. Mwanangu, desturi iliyokugeuza wewe mlangoni ndiyo iliyoniinamisha mimi kwenye benchi. Niliposikia wanawake wanacheka nje nilitazama sakafu, kama ipasavyo, mpaka kukatulia. Kanga niliiona, ndiyo. Lakini kanga wanavaa wengi. Siwezi kuandika jambo nililokuwa sina ruhusa ya kulitazama.

Krismasi njoo. Nimetenga mbuzi.

Baba yako


Mpemba, Tunduma
16 Novemba

Kwako Baba,

Shikamoo. Nashukuru kwa habari ya ndama. Jike ni baraka. Brayan kikohozi kimeisha. Baba yake alipita hapa siku moja, akabadilisha nguo, akarudi na lori njia ya Kasumbalesa, mpakani na Kongo.

Jibu lako nimelisoma nimekaa, nikalisoma tena nimesimama. Nimelipima na sikuona lilipopungua. Kweli hukupaswa kuniangalia, na sina namna ya kuthibitisha uliangalia. Basi, nitoe mimi kwenye hesabu.

Mama je?

Mimi na mama mkwe wangu Ruti tuliandikishwa siku moja. Nilimshika mkono mpaka shuleni, wakampiga picha amekaa kwenye kiti cha mwalimu kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Akanitania kwamba picha ile ni nzuri, ataitumia msibani. Mwezi wa sita tukamzika. Jina lake halikuondolewa; Lusungu aliliona kwenye orodha iliyobandikwa nje kabla ya siku ya kura, akadhani watalifuta. Kwa hiyo ili watu 387 watimie, Mama naye alikuja. Alipanga foleni pale nje. Aliingia mlangoni, akapita mbele ya benchi lako, akapewa karatasi, akachovya kidole.

Kwangu mimi unaweza kusema ulitazama sakafu. Mkeo hakuna desturi inayokukataza kumtazama. Baba, ulimwona?

Umesema huko kumetulia. Hata huku kumetulia sasa. Watu wanauziana bila kuongea; mtu anaonyesha gunia kwa kidole, analipa, anaondoka. Zaitun, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, siku hizi hanichekeshi wala hanicheki.

Krismasi siji. Brayan atakuja na Rabson, maana mtoto hana kosa na mbuzi umeshamtenga. Lakini mimi siwezi kuwasha moto kwenye jiko la Mama wakati karatasi mlangoni pa shule inasema mwezi wa kumi alikuwa hai.

Mkweo,
Mama Brayan


Mpemba, Tunduma
21 Desemba

Kwako Baba,

Shikamoo. Mtoto huyo namkabidhi kwa Rabson. Asiogelee mtoni, na akikataa mboga msimbembeleze.

Mwezi umepita na sijapata neno lako. Rabson anasema barua ile alikupa mkononi, ukaitia mfukoni bila kuifungua mbele yake. Kama nimekuvunjia heshima, niambie. Nilichouliza sikifuti.

Kuna mifuko miwili ya mbolea na shati lako. Brayan ameniuliza kwa nini mimi sisafiri, nikamwambia stoo ina kazi nyingi. Stoo mwezi huu ni tupu.

Mkweo,
Mama Brayan


Ikinga, Ileje
9 Januari

Mwanangu Mama Brayan,

Mwaka umeanza na mimi bado napumua, namshukuru Mungu. Mtoto alikuja akala akacheka, na alikwenda mtoni mara moja tu, na mimi nikiwa juu ya jiwe. Mahindi yamefika magotini.

Sikukaa kimya kwa kukudharau. Nilikuwa natafuta namna ya kukujibu bila kujitaja, sikuipata.

Siku ile, mchana, msimamizi wa kituo alizileta karatasi za matokeo zikiwa tupu. Akasema wazee wenye macho mabovu tusaini kabisa, tusije tukasumbuana na taa jioni. Wewe unayajua macho yangu jua likizama. Nikasaini, na nikamshukuru kwa kunifikiria. Walipohesabu nilikuwa nimesinzia pale pale kwenye benchi. Waliponiamsha walisema imekwisha, twende nyumbani. Namba zile nilizijua kwako. Karatasi imebandikwa hatua chache kutoka kanisani na nilikuwa naipita kila Jumapili bila kugeuza shingo. Sikutaka kujua nimesaini nini.

Unajua kanisani kwetu, Jumapili ya mwisho ya mwaka, yanasomwa majina ya waumini waliotutoka mwaka ule. Msomaji ni mimi. Nilisoma, na nilipofika kwa Ruti nikaishusha karatasi. Watu walidhani ni uchungu wa mjane, wakaniachia nafasi. Msimamizi yule alikuwa benchi la tatu na watoto wake. Nikasema maneno haya, nakuandikia kama yalivyotoka:

"Mke wangu nimemsoma hapa kwamba amekufa. Pale shuleni nimesaini kwamba amepiga kura. Moja kati ya hayo ni uongo, na kaburi lake mnalijua lilipo."

Nikataka kuketi, lakini mama mmoja upande wa wanawake akasimama, mke wa Osea fundi seremala, akasema mume wake yuko Zambia tangu mwaka juzi, hajarudi hata kwa msiba wa baba yake, naye yumo kwenye hesabu. Kisha mzee mwingine akasema mwanawe yuko gerezani. Mwingine alitaja marehemu wake. Walikuwa wakisimama taratibu, kama wanaotoa ushuhuda, mpaka mchungaji akaanzisha wimbo, na wimbo wenyewe ukaitikiwa na wachache.

Tangu siku ile Gwamaka akinikuta njiani anatazama pembeni, nacheka moyoni kwamba na yeye amekuwa mkwe wangu. Mbolea ya ruzuku nimeambiwa jina langu halionekani. Hayo madogo. Juzi nimeletewa wito, niende Itumba wilayani Jumatatu saa tatu asubuhi, nieleze kwa nini napotosha matokeo. Haujaandikwa nimekosa nini. Lusungu analia. Nimemwambia nitavaa lile shati jipya.

Ule mstari uliouomba huu hapa.

Mkwe wangu Gwantwa alifika mlangoni na kugeuka kwa sababu mimi nilikuwa ndani. Nilimtambua kwa mwendo wake kabla sijainamisha macho, na hakurudi mpaka kituo kilipofungwa. Amoni Kibona, wakala.

Utunze. Na sasa kaa mbali na jambo hili. Una mtoto, una biashara ya mpakani, na huko nako wana macho. Mimi nimeshaishi.

Baba yako


Mpemba, Tunduma
10 Januari

Kwako Baba,

Shikamoo. Mstari nimeupata. Nimeusoma mara moja, nikashindwa kuendelea na kazi, nikafunga stoo saa sita mchana. Zaitun akaja kuuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, leo kuna mtu amesema kweli. Akakaa nami chini mpaka jua likapungua.

Sasa na wewe nisikilize. Rabson atakuwa mlangoni kwako Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, barua hii anakuletea yeye leo ili ujue. Wewe ukae mbele pamoja naye. Kiti cha nyuma kabisa nitakuwepo mimi, nimejifunika, huna haja ya kugeuka wala kunisalimu. Wifi atakaa katikati yetu, na chai ya chupa atakumiminia yeye. Mke wa Osea tutampitia kwake, nimeshaongea naye kwa simu. Baba Brayan anajua. Alisema nibebe na kitambulisho.

Ukiwa mbele yao usisaini kitu ambacho hakijajazwa. Kilichojazwa usisaini mpaka Lusungu akusomee neno kwa neno. Miwani ya kusomea aliyoniagiza ninayo, nitampa. Usibishane nao tarakimu, hizo niachie mimi. Wakikuuliza shahidi wako ni nani, sema yuko barazani. Najua utakuwa umeketi humo ndani, na najua hakuna mke wa mtoto aliyewahi kuingia chumba alichomo baba mkwe wake.

Wewe tazama sakafu kama desturi inavyotaka. Mimi nitaingia.

Mkweo,
Gwantwa